Njia ya Bi Mkubwa: siku tano za mvua, kutoka Mazeras hadi Kaloleni

Jumapili usiku, Mombasa

Mvua ya mwaka imeshika. Tangu alfajiri mabati ya Kibokoni yanalia, maji ya mtaro yamepanda hadi kizingitini, na nguo nilizofua Ijumaa bado zinaning'inia chumbani zikitoa harufu ya uvundo. Kwa msomaji asiye wa pwani: mwaka ndio masika, mvua zinazokuja na upepo wa kusi. Huanza kwa rasharasha mwisho wa Machi, zikashika nguvu Aprili na Mei. Siku kama hizi watu wa mjini hukaa ndani wakapika mbaazi.

Mimi kesho natoka. Mume wangu ni baharia na meli yake haijarudi. Kila likizo ya Aprili ndugu zake hushika njia kwa miguu kutoka Mazeras hadi kwa mama yao Kaloleni, wakilala kwa jamaa njiani. Matatu hukata njia hiyo chini ya saa moja. Wao huifanya siku tano. Ni njia ya mama mkwe wangu mwenyewe, Bi Mkubwa. Alizaliwa Rabai, akaolewa Kaloleni, na enzi za ujana wake kila msimu wa kupanda alikwenda kwao kwa miguu kuwasaidia wazee wake shambani, kisha akarudi kwa mumewe. Siku hizi magoti yake hayamruhusu kuvuka hata ua wa nyumba, lakini wanawe hawajaiacha njia.

Miaka yote nimekuwa na udhuru: mara mimba, mara mtoto mchanga, mara nguo za Idi za wateja zimejaa chini ya cherehani. Mwaka huu Bi Mkubwa alipiga simu mwenyewe. "Mama, niletee mjukuu wangu. Na aje kwa njia yangu, asije kwa gari." Mkwe akikuita mama kwa sauti ile, udhuru wote huisha.

Jioni wifi mdogo alipitia kwangu na ndoo tupu ya rangi, ile ya lita nne yenye mfuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, akasema, hakuna kinga ya mvua inayoishinda ndoo ya rangi. Tukatia humo suruali mbili na sweta la mwanangu, leso yangu moja, simu na kiberiti, tukaupiga mfuniko kwa kiganja mpaka ukalia. Wifi alikuwa na furaha ya harusi. Mimi nilisikiliza mabati.

Jumatatu, Rabai

Tulipanda matatu Mwembe Tayari saa moja unusu asubuhi. Pale Makupa, ambapo zamani tulipita juu ya tuta, sasa ni daraja tangu 2022, na chini yake maji yanapita huku na huku. Changamwe malori, Mikindani malori, Miritini malori na matope. Mazeras ilitupokea kwa mvua ya kumwagwa na mtungi.

Mjomba alikuwa steji anatungoja. Ni mdogo wake Bi Mkubwa, amekaribia sitini, mwembamba, fimbo mkononi, suruali amekunja hadi magotini. Mwanangu alimpa shikamoo, naye akamjibu marahaba na kumkabidhi gambuti nyeusi zilizozidi mguu kidogo. "Utazikulia njiani," akamwambia. Wifi mkubwa, mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari, alishashuka mapema na alikuwa amesimama mvuani bila mwavuli, uso ameuinua juu, anacheka peke yake. Nilimuuliza kama si vyema tungoje ipungue. Wote watatu walinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimeuliza kama tungoje hewa ipungue.

Kutoka Mazeras hadi Rabai si mbali kwa mtu mkavu. Njia inapanda polepole, minazi huku na huku, mashamba madogo ya mahindi yaliyochimbuliwa juzi. Udongo ni ule wa kushika: kila hatua inabeba nyayo mbili, ya kwako na ya matope. Nilivaa raba za mpira nilizonunua Marikiti, na kabla hatujamaliza nusu saa zilikuwa nzito kama matofali. Mjomba alitangulia kama mtu anayechelewa gari. Mawifi nyuma yake wakiimba. Mimi na mwanangu nyuma yao, kisha nyuma zaidi, kisha nyuma hata sauti za nyimbo zikawa zinakuja vipande vipande.

Niliwakuta kila kwenye njia panda wamesimama, wanatabasamu, wamepumzika. Nami nikifika tu, wanaondoka. Mtu anayekungoja hadi ufike kisha akaondoka hapo hapo amepumzika yeye, wewe hukupumzika. Sikulisema hilo siku hiyo. Ni wakwe zangu, na siku ni ya kwanza.

Kwa Mjomba tulipewa maji ya moto ya kuoga, sima na mchicha wa nazi. Nyumba ina jiko la kuni la nje, na juu ya moto kuna uchaga ambapo nazi zilizopasuliwa zinakaushwa ziwe mbata. Siku za jua mbata huanikwa uani. Siku za mvua moshi ndio jua lake. Niliweka raba zangu pembeni mwa uchaga na zikala moshi usiku kucha.

Jumanne, Rabai

Haikukatika. Tulifanya udhu kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwa ndoo chini ya paa, baridi ya kufa ganzi vidole.

Mjomba alitupeleka kwenye makumbusho, ambayo ni kanisa la zamani. Nimeishi Mombasa maisha yangu yote na sikuwahi kufika. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Kaburi liko upande wa Nyali, ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale. Mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, wakapanda Rabai kuweka misheni. Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Wifi mkubwa, ambaye huisimamia kila picha kama mtihani, alimweleza mwanangu kwamba Rebmann ndiye Mzungu aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 akaandika, na mabingwa wa Ulaya wakakataa kuamini kwamba panaweza kuwa na theluji karibu na ikweta.

Mimi nilishikwa na jambo jingine. Rebmann alikaa huku hadi 1875, akaondoka karibu kipofu. Nilihesabu kwa vidole: karibu miaka thelathini. Misimu yote hiyo ya mvua ya mwaka, juu ya kilima hiki, na matope haya haya. Mtu akikaa hivyo mahali, lazima kuna kitu mahali hapo alikipenda, au kuna watu. Nilisimama mbele ya picha yake muda mrefu kuliko wenzangu, na kwa mara ya kwanza ni wao walioningoja mimi.

Alasiri tulikwenda ukingoni mwa msitu wa kaya, yaani makao matakatifu ya wazee wa kale. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na za Rabai zimo. Huingii kwa kutaka kwako. Mzee wa kaya, jamaa wa upande wa Mjomba, alitupokea kwenye ukingo wa miti, akatuonyesha tulipoweza kusimama na tusipoweza kupita. Hukati tawi humo, wala hutoki na kuni hata iliyoanguka yenyewe. Ndiyo maana kati ya mashamba yote yale yaliyofyekwa unaona ghafla miti mikubwa, mizito, imekaa pamoja kama watu kwenye baraza.

Mwanangu, anayetetemeka, alimuuliza mzee swali nililokuwa nalo mimi. "Babu, mvua hii itaisha lini?"

Mzee hakucheka. Alichuchumaa akawa sawa naye. "Mjukuu wangu, miaka ile ya ukame tuliingia humu ndani kuiomba. Tulileta mbuzi. Mwaka wa kwanza haikuja, wa pili haikuja. Wewe unaiuliza itaisha lini? Sisi tulikuwa tukiulizana itaanza lini."

Ni kweli. Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa msimu juu ya msimu, na bara ya Kilifi na Kwale ng'ombe walianguka. Mjini tuliijua kama bei ya unga. Hapa, Mjomba alinieleza tukirudi, alipanda mahindi, akapanda tena palipokauka, mara ya tatu akala mbegu. Alilisema hilo huku maji yanamtiririka kwenye nyusi, na akatoa ulimi akayaonja.

Basi nikaielewa furaha yao. Miguu yangu haikupona kwa kuielewa, lakini nililala bila kinyongo.

Jumatano, Ribe

Siku ya leo nataka kuiandika yote.

Tuliondoka baada ya uji. Kutoka Rabai kwenda Ribe kwa njia ya ndani unateremka mabonde na kupanda, unateremka na kupanda. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, na wenzangu kwa kuona hivyo waliongeza mwendo. Wifi mdogo simu yake inamhesabia hatua na alitaka kuvunja rekodi ya mwaka jana. Wifi mkubwa alikuwa akimwonyesha Mjomba ndege. Ndoo ya rangi nilikuwa nayo mimi, kichwani, kwa kuwa humo mlikuwa na nguo za mwanangu.

Chini ya bonde la pili pana kijito. Jamaa walipokivuka, kama nilivyosikia baadaye, maji yaliwafika kwenye vifundo. Sisi tulikifikia labda dakika ishirini nyuma yao, na tayari kilikuwa kingine. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba majani na povu, na yale mawe ya kuvukia yalionekana migongo tu. Hapo tulipo palikuwa na manyunyu, kwa hiyo sikuwaza. Sikujua kwamba maji ya bonde hayahesabu mvua ya bondeni. Yananyesha juu huko usikoona, kisha yanakuja yote pamoja.

Nilipaza sauti. Hakuna aliyejibu. Nikasikia wimbo, mbali, unapanda kilima cha pili.

Hapa nilikosea, nami nalisema ili mwingine asikosee: nilivuka kwa kuogopa kuachwa. Nilimshika mwanangu mkono wa kulia, ndoo kichwani nimeishika kwa mkono wa kushoto. Jiwe la kwanza, la pili. Kwenye la tatu gambuti yake iliteleza. Gambuti ikiingia maji haiwi kiatu tena, inakuwa nanga. Alizama hadi kifuani na mkondo ukamlaza. Niliiachia ndoo. Nilimkamata kwa ukosi wa shati, kitambaa kikatatarika mkononi mwangu. Mshono wa begani, mshono wangu mwenyewe, ulishika.

Sauti ya kiume ikatoka nyuma yetu: "Rudi! Mama, rudi nyuma, usivuke!" Mtu aliingia majini, akamnyakua mtoto kiunoni, akanivuta na mimi kwa kiwiko hadi ukingo tuliotoka. Alikuwa mgema. Kisu cha kugemea kiunoni, kibuyu ubavuni. Alikuwa chini ya mnazi akingoja shina likauke kidogo apande. Shina la mnazi limechongwa vidato, lakini vikirowa havimshiki mtu. Kwa hiyo alikuwa amekaa tu, anatutazama tukiteremka, akidhani tutasimama.

Gambuti moja ilikuwa imekwenda. Ndoo ilikuwa imekwenda pia. Niliiona mara ya mwisho ikizunguka kwenye kona, mfuniko umeshika vizuri, inaelea kama jahazi. Maji haya huteremka kwenda mto Kombeni, na Kombeni humwaga Tudor. Sisi watu wa kisiwani kila mvua ya mwaka tunaona bahari ya Tudor imegeuka rangi ya chai ya maziwa, tunasema tu "maji ya bara". Leo nimejua ni nini kinapita humo.

Yule mgema hakutuvusha hapo. Alikata fito, akatupeleka juu kidogo ambapo kijito kimetanuka, akapima kwa fito kila hatua. "Maji membamba yana hasira," akasema. "Tafuta yaliyotanda." Yalinifika magotini. Mtoto alimbeba mgongoni. Nilitaka kumpa kitu na sikuwa na kitu. Simu na pesa vilikuwa ndooni. Akasema mnazi wake unamngoja, akarudi.

Jamaa tuliwakuta juu, kwenye kibanda cha chai. Chai ya tangawizi imeshamiminwa, vikombe viwili vimefunikwa kwa visosi vikitungoja. Wifi mdogo aliinua simu atupige picha tukija. Kisha akaiona miguu ya mwanangu, mmoja una gambuti na mmoja hauna, akaishusha.

Nilimpa mtoto chai kwanza. Kisha nikasema, "Mjomba, kwa heshima yako na kwa heshima ya mume wangu, nina neno."

"Sema, mama."

"Nyinyi mnaijua njia hii na mnaipenda. Mimi na mtoto hatuijui. Nikiita hamsikii, kwa kuwa mnaimba. Nikifika mnaondoka. Leo nimemshika mtoto wenu kwa ukosi wa shati. Kama mwendo ni huu, kesho mimi napanda matatu, na Bi Mkubwa nitamweleza kwa nini."

Nilikuwa natetemeka, na si kwa baridi. Sijawahi kusema hivyo mbele ya wakwe. Wifi mkubwa aliinama. Wifi mdogo alianza kulia, akavua sweta lake akamvisha mtoto. Mjomba hakusema kitu kwa muda mrefu, hata mwenye kibanda akaacha kupuliza moto. Nilidhani nimemkosea. Uso wake ulikuwa umekwenda mahali pengine.

Mwishowe akasema, "Umesema kweli. Kesho mimi nyuma." Akamlipa mwenye kibanda, akatoka, akateremka peke yake hadi kijitoni kumtafuta yule mgema. Alirudi jioni, tukiwa tayari tumefika nyumba ya kulala, ametota kabisa. Alimpata. Ndoo hakuipata.

Usiku huu Ribe, ninapoandika kwenye daftari la shule la binti wa nyumba hii, Mjomba amekaa motoni anaigeuzageuza suruali ya mwanangu juu ya moshi, upande huu, upande huu, bila neno.

Alhamisi, Kambe

Mpango mpya: mwanangu mbele, Mjomba nyuma ya wote, na hakuna anayempita mtoto. Wifi mdogo alimnunulia ndara dukani Ribe, na simu yake ya kuhesabu hatua ameizima.

Misheni ya Wamethodisti ilianzishwa Ribe mwaka 1862, na makaburi ya wamisionari wa mwanzo yapo. Tulipita karibu tukasimama kidogo. Kisha Kambe. Hapa ardhi inabadilika. Badala ya udongo mtupu unaona chokaa: majabali ya kijivu, marefu kuliko nyumba, yametobokatoboka kama jibini, mizizi ya miti imeyashika kama vidole. Hii ni chokaa ya bahari ya zamani sana, enzi za mijusi wakubwa. Wifi mkubwa alieleza kwamba tulikuwa tunatembea juu ya sakafu ya bahari. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo nilimwamini upesi.

Mwendo wa mtoto wa miaka tisa ni wa kusimama. Anasimama kwa jongoo, anasimama kwa konokono. Nilihofia jamaa watachoka. Lakini karibu na jabali moja alichuchumaa kwenye ufa wa kivuli, akaita, "Mama, ua."

Lilikuwa dogo, zambarau, petali tano, katikati manjano kama punje ya mtama. Majani mazito ya mviringo, yenye manyoya mafupi, na kila unywele umebeba tone lake la maji bila kulivunja. Halikuwa na udongo wa kusema, ule vumbi wa majani tu uliokusanyika kwenye ufa. Wifi mkubwa alipiga magoti matopeni bila kuangalia nguo. Mkono alioutanguliza kuligusa aliurudisha.

Ni urujuani wa Afrika, alisema, Saintpaulia. Mzungu mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa Tanga, aliupeleka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na leo dunia nzima huupanda kwenye vyungu vya dirishani. Mwituni lakini unapatikana Tanzania na Kenya tu, na kwetu mojawapo ya makao yake ni majabali haya ya Kilifi. Jabali likichimbwa kwa ajili ya mawe ya ujenzi, au miti inayolifunika kivuli ikikatwa, ua linakufa papo hapo. "Nimepita hapa mara kumi na moja," akasema. "Sijawahi kuliona."

Tulikaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyelichuma.

Ijumaa, Kaloleni

Asubuhi jua lilitoka kwa saa nzima. Kila kitu kilifuka mvuke: makuti, migongo ya ng'ombe, leso zetu. Kisha ikarudi. Wanaume wa njiani walikuwa wanarudi kutoka shambani upesi kuwahi Ijumaa, majembe begani, na kila mmoja alituamkia kwa kuitaja mvua: imeshiba, imeingia, imefika chini. Mahindi ya wale waliopanda mapema yameshatoa majani mawili. Mjomba alichomeka kidole kwenye shamba la mtu hadi fundo la pili, akakitoa, akamwonyesha mwanangu unyevu ulipoishia. Haukuishia.

Kidonda cha kisigino changu cha kulia kimepasuka. Wifi mdogo alikifunga kwa kipande cha leso yake, akachukua mkoba wangu pasipo kuniuliza, na tukafuatana bega kwa bega mpaka mwisho. Tulizungumza mambo ambayo hatukuwahi kuzungumza tangu niolewe. Hayo siyaandiki.

Bi Mkubwa alikuwa barazani, kwenye kiti cha kamba, miguu ameifunika leso. Mwanangu alimbusu mkono. Akamkalisha kwenye mkeka mbele yake na akakataa tusile kwanza, akakataa tusibadili nguo. "Nipe njia yangu," akamwambia.

Mtoto akampa. Alianza Mazeras, na gambuti. Bi Mkubwa alifumba macho. Kila kipande alimkatiza: ule mkwaju wa njia panda upo? Upo, bibi. Kisima cha chini ya Rabai, wamekijengea? Wamekijengea. Mzee wa kaya alikaa mkono gani? Alipofika kwenye kijito nilitaka kumkatiza mimi, kwa kuwa Mjomba alikuwa amesimama pale pale, anakung'uta matope kwenye fimbo. Lakini mtoto hakuficha. Alisema wimbo ulikuwa mbali. Alisema gambuti iliingia maji. Alisema ndoo ilielea, na mama akashika shati.

Bi Mkubwa alifumbua macho.

"Maji yalikufika wapi?"

Mwanangu alisimama, akaweka kiganja kifuani, juu ya kitovu. "Hapa."

Bi Mkubwa alinyoosha mkono wake mkavu, akaupima ule urefu kwa shibiri, taratibu, kama ninavyompima mteja. Kisha akaushusha mkono kwenye mwili wake mwenyewe, chini ya kifua.

"Mimi yalinifika hapa," akasema. "Kijito hicho hicho. Babako alikuwa tumboni, miezi saba." Akamgeukia mdogo wake barazani. "Na wewe ulikuwa mbele, unaimba."

Mjomba aliiegemeza fimbo ukutani. Akaja akakaa mkekani, karibu na mtoto.